Ufizi Usiotoa Damu

Mvutaji wa sigara hujitazama kiooni, akaona meno yamekuwa ya kahawia. Husema, "Si kitu, nitayasugua." Lakini ubaya mkubwa kioo hakiuonyeshi.

Ufizi ulio mgonjwa kwa kawaida hutoa damu mtu apigapo mswaki. Damu hiyo ni onyo. Lakini nikotini iliyomo katika tumbaku hubana mishipa midogo ya damu. Basi ufizi wa mvutaji huenda usitoe damu, naye hudhani ni mzima. Kumbe mfupa ulioshika jino unaliwa polepole! Kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja jino hulegea, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Vijana wa siku hizi huvuta sigara za umeme, wakisema hazina masizi ya tumbaku. Ni kweli, lakini nyingi zina nikotini ile ile, nazo hukausha kinywa.

Basi, ndugu, usingoje damu. Acha leo, umwone daktari wa meno. Ukiona ufizi umeanza kutoa damu baada ya kuacha, usirudie sigara: onyo lililozibwa sasa linasikika.