BOTI KUBWA YA INJINI MBILI: MAMBO YA KUPIMA KABLA CHAMA HAKIJANUNUA



Katika vyama vya wavuvi vya pwani yetu, ombi moja husikika mara kwa mara mikutanoni. Wanachama wanataka kuiacha boti yao ya wazi yenye injini moja, wanunue iliyo kubwa zaidi, yenye chumba na injini mbili. Ombi hilo lina haki yake. Chumba huwakinga mabaharia na mvua na baridi ya usiku, na injini ya pili humtia nahodha moyo wakati wa kusi. Makala haya hayakusudii kuwakatisha tamaa. Yanakusudia kueleza yale ambayo muuzaji hana haja ya kuyataja.

Niliwahi kukagua chama kimoja kilichonunua boti ya namna hiyo kwa mkopo. Injini zilikuwa mbili, lakini zote zilinyonya mafuta kutoka tangi moja. Siku moja maji yaliingia katika mafuta, na injini zote mbili zikazimika, moja baada ya nyingine, kwa muda mfupi. Watu sita walielea hadi asubuhi ya pili, wakaokolewa na jahazi lililokuwa likipita. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini nilipofika, boti ilikuwa imelazwa mchangani kwa kukosa fedha za matengenezo, na wanachama walikuwa wangali wakikatwa fedha za samaki wao kulipia deni. Mambo ninayoyaeleza hapa yametokana na chama hicho na vingine vinavyofanana nacho.

1. Injini mbili si mwendo maradufu

Boti nzito husukuma maji mbele yake, na urefu wake ndio unaoiwekea mpaka wa mwendo. Mabaharia hukadiria hivi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwenye usawa wa maji, kwa futi, kisha zidisha kwa 1.34. Boti ya futi 24 hupata noti 6 na nusu hivi, na ya futi 36 hupata noti 8. Ukitaka kuilazimisha kupita hapo, mafuta huongezeka mno na mwendo huongezeka kidogo tu. Ni boti nyepesi tu, iliyoundwa kuteleza juu ya maji, inayoweza kuuvuka mpaka huo kwa urahisi, nayo ikijazwa barafu, nyavu na samaki huupoteza wepesi wake.

2. Hesabu ya mafuta

Injini ya petroli ya kupachika nyuma, ile inayochanganyiwa oili, ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia takriban nusu lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Injini ya dizeli ya ndani hutumia takriban robo lita.

Tuchukue mfano. Injini moja ya nguvu 40 ikiendeshwa kwa mwendo wa wastani, tuseme hutumia lita 12 kwa saa. Safari ya saa 6 itakula lita 72. Injini mbili zitakula lita 144. Kwa safari 20 za mwezi, ongezeko ni lita 1,440. Katibu azidishe lita hizo kwa bei ya mafuta ya mahali pake, kisha aulize: je, boti hii italeta samaki wa kulipia ongezeko hilo katika mwezi mbaya? Asihesabu kwa mwezi wa neema, kwa maana mkopo hulipwa miezi yote.

Tena, mafuta ya safari yagawanywe mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu la akiba lisiloguswa ila kwa dharura. Tangi lisilotosheleza kanuni hii ni dogo kwa safari hiyo.

3. Injini ya pili iwe ya pili kweli

Injini mbili zenye tangi moja, chujio moja na betri moja ni kama injini moja iliyogharimu bei ya mbili. Kila moja iwe na tangi lake, chujio lake la kutenga maji, na betri yake. Nahodha azoezwe kurudi kwa injini moja, maana boti huvuta upande mmoja na usukani huwa mzito.

Chumba nacho kina hatari zake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama katika ngama, na cheche moja yatosha kuuwasha. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huweza kuua watu waliolala. Kwa hiyo chumba kiwe na matundu ya kupitisha hewa, na mtungi wa kuzimia moto uwekwe mahali unapofikika.

Vyama vingi vingefaidika zaidi kwa injini moja nzuri ya dizeli, pamoja na injini ndogo ya akiba yenye tangi lake. Haina fahari kubwa, lakini huwafikisha watu nyumbani.

4. Pwani na mafundi

Pimeni kina cha maji mahali pa kutia nanga wakati wa kupwa kwa bamvua. Boti kubwa ikipwelewa haisukumwi kwa mabega kama ile ndogo. Ulizeni pia itapandishwa wapi kukwanguliwa na kupakwa rangi, na fundi wa injini hizo yuko umbali gani. Oili, machujio na rafadha sasa ni vya kununuliwa mara mbili.

5. Majaribio kabla ya malipo

Mkaguzi wa boti alipwe na chama, asilipwe na muuzaji. Boti ijaribiwe baharini ikiwa na mzigo kamili na tangi zilizojaa, ielekezwe dhidi ya upepo, kisha injini moja izimwe. Mwendo utakaobaki ndio mwendo wenu wa siku ya shida; uandikwe.

6. Uamuzi wa wanachama

Ununuzi huu ni wa mkutano mkuu, si wa katibu na mwenyekiti peke yao. Mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano na kuidhinishwa na Mrajis. Usajili na ukaguzi wa usalama ufanywe na TASAC kwa Tanzania Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Gharama ya bima iingizwe katika makisio tangu mwanzo.

Anzisheni mfuko wa uchakavu. Kama injini zinatarajiwa kudumu miaka 5, gawanyeni bei yake kwa miezi 60, na fungu hilo liwekwe benki kila mwezi kabla ya kugawana chochote. Katibu aweke daftari la safari lenye saa na lita za kila injini kwa safu yake. Lita zikipanda ilhali saa ni zile zile, ama injini inaugua, ama mafuta yanapotea njiani. Yote mawili yafaa kujulikana mapema.

Ndugu wanaushirika, hisa za wanachama zilikusanywa kidogo kidogo, na watu watakaopanda boti hiyo ni waume, watoto na ndugu zetu. Chama kikishapima mambo haya na hesabu ikakubali, kinunue bila hofu. Hesabu ikikataa, boti ndogo iliyotunzwa vema ni mali. Boti kubwa iliyolazwa mchangani ni deni.