Mbegu Nilizozizika

Miaka mingi nimetunga mashairi ya kuwasifu wakulima, na jembe sijalishika. Mwaka huu bei ya mboga iliponishinda, nikapiga tuta moja uani, hapa Mombasa. Mbegu za mchicha, ndogo kama chembe za mchanga, nikazifukia kina cha kidole kizima. Siku 10 zikapita, hata jani! Bi mkubwa wa jirani akacheka: “Mwanangu, umezizika, hukuzipanda.”

Akanifunza: changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu juu, funika kwa udongo haba, tia maji asubuhi na jioni. Siku ya 5 zikachipua. Wiki ya 4 tukala mchicha wa nazi.

Yale mashairi nimeyatoa sandukuni. Nayasahihisha.