Wayunani, Wagiriki na Wayira

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inawataja Wayunani. Mtoto wa shule hapa Goma akifungua ramani, nchi yao anaikuta ikiitwa Ugiriki. Watu ni wale wale, na wenyewe hujiita Hellenes.

Jina la Wayunani lilianzia Ionia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, penye Efeso na Mileto. Waajemi walipoiteka pwani hiyo katika karne ya 6 KK, Wagiriki wa kwanza kutawaliwa nao walikuwa Waionia, basi wakawaita Wagiriki wote Yauna. Mfalme Dario alilichonga jina hilo kwenye mwamba wa Behistun mnamo 520 KK. Hapo kuna jambo linalonifurahisha sana: zamani Waionia walijiita Iawones, kisha wakaacha kuitamka ile w, wakabaki Iones. Majirani walikuwa wamekwisha kuichukua. Waebrania wakasema Yawan, Wahindi Yavana, Waarabu Yunan, na kwa Waarabu ndiko tulikolipata sisi.

Warumi wao waliwaita Graeci. Aristotle aliandika kwamba Graikoi ni jina la kale la watu wa pande za Dodona, magharibi mwa Ugiriki.

Goma mambo haya tunaishi nayo. Katika soko la Virunga, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na maharagi yake huitwa Munande. Wengi wao watakuambia wao ni Bayira. Akivuka mpaka pale Kasindi hadi Kasese, Uganda, atasikilizana na watu wanaoitwa Bakonzo, kwa kuwa Kinande na Lukonzo ni lugha za karibu mno. Mpaka wa wakoloni ndio uliopita katikati yao, juu ya Rwenzori.

Kwangu mimi, jina la kujiita linastahili kutangulia, ila lile la kuitwa lisitupwe, maana limehifadhi habari za nani alikutana na nani. Ninalolikataa ni kulifanya jina kipimo cha damu, jambo lililotugharimu sana Kivu. Hata Hellenes halikuanza kuwa la wote: kwa Homer ni watu wachache wa Thessaly, askari wa Achilles. Lilipanuka karne kwa karne, hata mnamo 380 KK Isocrates wa Athens akaandika kuwa anayestahili kuitwa hivyo ni aliyeshiriki elimu yao, kuliko aliyeshiriki nasaba.