Mgeni Njoo, Mwenyeji Augue?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni akiingia na mwenyeji akaanza kuugua papo hapo, tufanyeje? Hayo ndiyo huweza kuipata tarakilishi, ambayo wengine huiita ngamizi na mtaani tunasema kompyuta tu, inapoongezwa kumbukumbu.

Kwanza tuelewane. Kumbukumbu ninayoizungumzia ni ile mafundi huiita ramu. Diski ni kabati la vitabu. Ramu ni meza ya kusomea. Ukifungua kazi yoyote, tarakilishi huitoa kabatini na kuiweka mezani. Meza ikiwa ndogo, mashine hukokota miguu kama kobe. Stima ikipotea, kilichokuwa mezani hutoweka, kilicho kabatini hubaki.

Katika chumba chetu cha tarakilishi hapa Sironga, mashine moja yenye ramu ya gigabaiti 2 iliongezwa kadi nyingine ya gigabaiti 2. Baada ya siku mbili ikaanza vituko. Mara inaganda, mara inajizima na kujiwasha, mara skrini yote inageuka buluu. Na ndani yake mlikuwa na kazi za mradi za dada na kaka zetu wa kidato cha nne, zile zinazohesabiwa katika mtihani wa KCSE!

Kila mtu akawa na lake. Huyu alisema ni virusi. Yule akasema ni stima, maana huku kwetu Gusii ngurumo na radi za alasiri si ngeni msimu wa mvua. Wa tatu akasema mashine imezeeka, itupwe. Mwalimu wetu aliuliza swali moja tu: "Ni nini kilichobadilika?" Mashine nyingine zilizotumia waya uleule wa stima zilikuwa zikifanya kazi bila taabu. Kilichobadilika kilikuwa kadi ya ramu. Basi uchunguzi ukaanzia hapo.

Hatua ya kwanza ni kuokoa kazi. Usianze kunakili ukiwa bado na kadi unayoishuku, kwa sababu kila kinachonakiliwa hupitia mezani kwanza. Meza ikiwa mbovu, hata nakala yaweza kuharibika. Tuliitoa kadi mpya, tukaiwasha mashine kwa ramu yake ya zamani, ndipo tukanakili kazi zote kwenye flashi.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba kadi ni ya aina inayofaa. Kadi za DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, na umeme wake ni tofauti: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. Kadi ikikataa kuingia, usiilazimishe. Tena, kadi mbili za aina moja zaweza kuwa na kasi tofauti. Kwa kawaida mashine huzipeleka zote kwa kasi ya ile ya polepole, lakini kuna nyingine hazipatani kabisa hata kama kila moja ni nzima.

Hatua ya tatu ni kuichomeka vizuri. Zima mashine, ng'oa waya wa stima, kisha gusa chuma cha kasha lake ili umeme tuli wa mwilini usiiunguze kadi. Gandamiza kadi sawasawa mpaka vibanio vya kando vifunge. Kadi iliyokaa upande tu inatosha kuleta balaa lote hili.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha makala haya: jaribu kimoja kimoja. Weka kadi ya zamani peke yake katika nafasi ya kwanza, kisha ya pili. Halafu fanya vivyo hivyo na kadi mpya. Kosa likiifuata kadi kila iendako, kadi ni mbovu. Kosa likibaki katika nafasi moja hata ukibadilisha kadi, nafasi hiyo ndiyo mbovu. Kila kadi ikiwa nzima peke yake lakini zikigombana pamoja, hazipatani.

Kupima, Windows ina chombo chake cha kukagua kumbukumbu tangu toleo la Vista la 2007. Pia kuna programu iitwayo Memtest86, iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka wa 1994, ambayo hutumika kabla Windows haijaanza. Iache ifanye kazi kwa saa kadhaa. Hata kosa moja ni kosa.

Kwetu, kadi mpya ilitoa makosa katika nafasi zote mbili. Ya zamani haikutoa hata moja. Fundi akaibadilisha, na mashine ikatulia.

Usidhani ni jambo dogo. Tarehe 18 Mei 2003, kule Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja alipewa na tarakilishi kura 4,096 za ziada. Zilizidi zile zilizowezekana, ndipo watu wakashtuka. Programu ilikaguliwa, kosa halikuonekana. 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, kwa hiyo wataalamu wakahitimisha kwamba biti moja tu ya kumbukumbu ilikuwa imegeuka. Sasa fikiria alama zako. 70 ni 64 na 4 na 2. Biti ya 64 ikigeuka kuwa sifuri, unabaki na 6. Utamweleza nini mzazi?

Shime basi, wenzangu. Mashine ikiugua baada ya badiliko, tusikimbilie kuitupa wala kulaumu radi. Tuokoe kazi, turudishe ilivyokuwa, kisha tupime kimoja kimoja. Pole pole ndio mwendo.