Arifa za nauli za ndege

Arifa za nauli za ndege ni taarifa anazotumiwa msafiri kwa barua pepe, ujumbe wa simu au programu ya simu janja ili ajue kwamba bei ya tiketi ya ndege katika njia fulani imeshuka. Msafiri hutaja mapema mahali anapoanzia safari, anakotaka kwenda na pengine tarehe zake. Baada ya hapo kompyuta, au watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, hufuatilia bei kwa niaba yake.

Arifa hizo husaidia zaidi pale msafiri anapotaja viwanja vya ndege zaidi ya kimoja vilivyo karibu naye, kwa sababu nauli ya kwenda mji uleule inaweza kutofautiana sana kati ya uwanja mmoja na mwingine. Hata hivyo, arifa hulinganisha bei za tiketi tu. Haihesabu nauli ya basi au boti, malazi, mizigo wala muda. Kwa hiyo tiketi ya bei ya chini kabisa si lazima iwe safari ya gharama ya chini kabisa.

Kwa nini nauli hubadilika

Hadi mwaka 1978 nauli za safari za ndani nchini Marekani zilidhibitiwa na serikali. Mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoyaachia mashirika ya ndege uhuru wa kupanga bei na njia zake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifungua soko lao hatua kwa hatua hadi mwaka 1997.

Kiti cha ndege kinafanana na nyanya za sokoni: kisipouzwa kwa wakati, thamani yake hupotea. Ndege ikisharuka, kiti kilichobaki kitupu hakiwezi kuuzwa kesho. Wakati huohuo shirika halitaki kuuza viti vyote kwa bei ya chini mapema, kwa kuwa wapo wasafiri watakaokuja dakika za mwisho na kulipa zaidi. Mnamo mwaka 1985 shirika la American Airlines, likishindana na shirika la bei nafuu la People Express, lilianza kutumia kompyuta kugawa viti vya ndege moja katika makundi ya bei. Njia hiyo imeenea duniani kote.

Kila kundi lina herufi yake, idadi yake ya viti na masharti yake kuhusu kubadili tarehe au kurudishiwa fedha. Kundi la bei ya chini likiisha, mnunuzi anayefuata huoneshwa bei ya kundi la juu yake. Ndiyo sababu abiria wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli tofauti. Shirika likiona ndege haijai, au mshindani ameshusha bei, hufungua tena kundi la chini, pengine kwa saa chache tu. Arifa zimekusudiwa kunasa nafasi hizo fupi.

Historia

Mfumo wa Sabre, uliotengenezwa na American Airlines pamoja na kampuni ya IBM na kuanza kazi katika miaka ya 1960, ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya kompyuta ya kuhifadhi nafasi za ndege. Kwa miaka mingi orodha za nauli zilionwa na mashirika na mawakala wa tiketi pekee. Intaneti iliwafungulia wasafiri mlango huo katika miaka ya 1990.

Mwaka 1996 wataalamu wa kompyuta kutoka chuo cha MIT walianzisha ITA Software, kampuni iliyotengeneza programu ya kupekua michanganyiko mingi ya nauli kwa haraka. Tovuti za kulinganisha bei zilifuata: Skyscanner ya Edinburgh mwaka 2003 na Kayak ya Marekani mwaka 2004. Oren Etzioni wa Chuo Kikuu cha Washington alianzisha Farecast, huduma iliyokisia kama nauli itapanda au itashuka; Microsoft iliinunua mwaka 2008. Google iliinunua ITA Software mwaka 2011, na mwaka huohuo ikaanzisha Google Flights.

Huduma zinazotegemea jicho la mtu zina asili tofauti. Mwaka 2013 mwandishi wa habari Scott Keyes alipata tiketi ya kutoka New York hadi Milano, kwenda na kurudi, kwa dola 130. Rafiki zake walimwomba awajulishe akipata nyingine, naye akaanza kuwatumia barua pepe. Orodha hiyo ilizaa kampuni ya Scott's Cheap Flights mwaka 2015, ambayo mwaka 2023 ilibadili jina na kuitwa Going.

Namna zinavyofanya kazi

Arifa zipo za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ya njia maalumu: msafiri huchagua mji wa kuanzia, mji wa kufikia na tarehe, kisha hujulishwa kila bei inapopanda au kushuka. Inamfaa mwenye safari isiyobadilika, kama mwanafunzi anayekwenda kuanza chuo. Aina ya pili ni ya ofa za jumla: msafiri hutaja viwanja vya kuanzia tu, naye hujulishwa ofa yoyote nzuri kutoka hapo. Inamfaa anayeweza kuchagua mahali na wakati.

Aina zote mbili humsaidia mwenye muda wa kusubiri. Anayepanga umra, harusi au likizo ya Krismasi anaweza kuweka arifa miezi kadhaa kabla. Anayeitwa nyumbani kwa msiba hana nafasi hiyo; kwake njia inayobaki ni kulinganisha viwanja vya jirani siku hiyohiyo.

Nauli hupita mikono mingi kabla ya kumfikia msafiri. Mashirika mengi hupeleka nauli zao kwa kampuni ya ATPCO, ambayo huzikusanya na kuzisambaza kwa mifumo ya uhifadhi kama Amadeus, Sabre na Travelport, na pia kwa injini za utafutaji. Injini hulinganisha bei mpya na za zamani, kisha hutuma arifa. Kwa kuwa kila hatua huchukua muda, msafiri anaweza kufungua arifa na kukuta viti vya bei hiyo vimekwisha. Aidha, si kila shirika huonekana kila mahali: nauli za Southwest ya Marekani hazikuwamo katika Google Flights hadi mwaka 2024.

Viwanja vya ndege vya jirani

Kila uwanja wa ndege una alama ya herufi tatu. Miji yenye viwanja vingi huwa pia na alama ya mji mzima: LON hujumuisha viwanja vya London, kama vile Heathrow, Gatwick na Stansted, NYC hujumuisha JFK, LaGuardia na Newark. Anayeandika LHR hutafutiwa nauli za Heathrow peke yake, lakini anayeandika LON hutafutiwa za viwanja vyote vya mji. Viwanja vilivyo katika miji tofauti, au nchi tofauti, msafiri mwenyewe hana budi kuviongeza.

Nauli hutofautiana kati ya viwanja jirani kwa sababu kuu tatu:

• Ushindani. Pale mashirika mengi yanapogombania abiria wa njia moja, bei huwa ya chini kuliko pale penye shirika moja.

• Kodi na ada. Uingereza hutoza kodi ya abiria wa ndege tangu mwaka 1994, ilhali Ireland ilifuta ya kwake mwaka 2014. Baadhi ya wakazi wa Belfast huenda kupandia ndege Dublin, mwendo wa kilomita 160 hivi. Vivyo hivyo, baadhi ya wakazi wa Toronto nchini Kanada huvuka mpaka kwenda Buffalo, Marekani.

• Mashirika ya bei nafuu. Baadhi yake hutumia viwanja vya pembezoni. Uwanja wa Beauvais, unaotumiwa na Ryanair, upo takriban kilomita 85 kutoka Paris, ingawa hutangazwa pamoja na jina la jiji hilo.

Afrika Mashariki

Huduma za ofa za jumla kama Going huwalenga wanaoanzia safari Marekani. Msafiri wa Afrika Mashariki hutegemea zaidi zana zinazokubali njia za nchi nyingi, kama Google Flights na Skyscanner. Uchaguzi wa viwanja jirani, hata hivyo, upo katika maeneo mengi:

• Arusha na Moshi. Uwanja wa Kilimanjaro (JRO) upo katikati ya miji hiyo miwili. Nairobi (NBO), ambao una safari nyingi zaidi za kimataifa, hufikiwa kwa basi kupitia Namanga, takriban kilomita 270 kutoka Arusha.

• Zanzibar na Dar es Salaam. Viwanja vya ZNZ na DAR vimetenganishwa na safari ya boti ya mwendo kasi ya saa 2 hivi. Anayetua usiku husubiri boti ya asubuhi.

• Mombasa na Nairobi. Tangu mwaka 2017 treni ya SGR huunganisha miji hiyo, na kituo chake cha Nairobi kipo Syokimau, karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta. Mkazi wa Tanga naye anaweza kulinganisha Mombasa (MBA) na Dar es Salaam.

• Goma na Kigali. Wasafiri wengi wa mashariki mwa Kongo huvuka mpaka na kupandia ndege Kigali (KGL).

Mbinu hiyo hufanya kazi pia upande wa kufikia. Mtanzania anayeishi Ulaya au Marekani na ambaye kwao ni Moshi anaweza kuweka arifa za JRO, NBO na DAR kwa pamoja.

Hesabu ya gharama kamili

Tofauti ya bei za tiketi ni mwanzo wa hesabu tu. Tuseme familia ya watu 3 wa Arusha imepokea arifa mbili: kutoka Kilimanjaro dola 780 kwa kila mtu, na kutoka Nairobi dola 690. Tofauti ni dola 90 kwa mtu, yaani dola 270 kwa familia. Basi la kwenda na kurudi Nairobi likigharimu dola 50 kwa mtu, hutoka dola 150. Chumba cha usiku mmoja kikiwa dola 40 na chakula cha njiani dola 20, jumla ni dola 210. Familia itabaki na dola 60, nazo huongezeka kwa kiasi cha gharama ya kufika Kilimanjaro yenyewe, ambayo nayo si bure, ikiondolewa katika upande wa Nairobi. Lakini nauli ya Nairobi ikiwa haina begi la kupakia, na begi moja likatozwa dola 70, faida hiyo hugeuka kuwa hasara.

Msafiri wa peke yake hupata picha nyingine. Dola zake 90 zitaliwa na basi (50) na chumba (40), kabla hajala chochote. Chumba huweza kugawanywa kati ya watu kadhaa, lakini kiti cha basi hakigawanywi. Kwa sababu hiyo uwanja wa mbali huwafaa zaidi wanaosafiri kwa kundi, wenye ndugu wa kuwalaza, au wanaokuta tofauti kubwa ya bei.

Kuvuka mpaka huongeza mahitaji mengine: hati ya kusafiria na, inapotakiwa, viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Nauli zilizokosewa

Mara chache arifa huleta bei iliyotokana na kosa, kama tarakimu iliyoachwa au ubadilishaji mbaya wa fedha. Mwezi Februari 2015 kosa la kubadili krona za Denmark lilifanya tiketi za daraja la kwanza za United Airlines kutoka London kuonekana kwa takriban dola 75. Shirika lilizifuta, na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani haikulilazimisha kuziheshimu. Kinyume chake, Januari 2019 Cathay Pacific iliheshimu tiketi za madaraja ya juu kutoka Vietnam hadi Marekani zilizouzwa kwa bei ya chini mno. Kwa hiyo mnunuzi wa nauli ya namna hiyo hashauriwi kulipia hoteli kabla tiketi haijathibitishwa.

Tahadhari

Hatari kubwa ya kutumia uwanja wa jirani ni tiketi mbili zisizounganishwa. Mtu akinunua tiketi ya Mombasa–Nairobi kwa shirika moja na ya Nairobi–London kwa lingine, kila moja akiilipia peke yake, kuchelewa kwa ndege ya kwanza kunaweza kumpotezea ya pili bila fidia. Katika tiketi moja iliyounganishwa, shirika ndilo lenye wajibu wa kumtafutia safari nyingine.

Kwa safari zinazogusa Marekani, sheria za nchi hiyo hutaka mashirika kumruhusu mteja kughairi bila adhabu ndani ya saa 24, au kumshikia nafasi kwa bei ileile kwa muda huo, ikiwa amehifadhi angalau siku 7 kabla ya kuondoka. Mahali pengine masharti hutegemea tiketi.

Wapo pia matapeli wanaosambaza ofa za uongo kwa WhatsApp na kutaka malipo kwa simu. Kabla ya kulipa, msafiri anapaswa kuthibitisha bei hiyo kwenye tovuti ya shirika lenyewe au kwa wakala anayetambulika. Baada ya kulipa, namba ya uhifadhi aliyopewa lazima ionekane kwenye tovuti ya shirika hilo ikiwa na jina lake kama lilivyo katika pasipoti.

Tazama pia

• Shirika la ndege
• Uwanja wa ndege
• Utalii