Sura ya 6: Nani Ampe Mama Lishe Nyota?

Basi la Lindi likisimama Nangurukuru, wilayani Kilwa, abiria wana dakika chache za kula. Mgeni akifungua ramani kwenye simu kutafuta wali mzuri, anakuta alama mbili tatu, moja imekaa upande wa barabara usio wake. Wenzake hawahangaiki, wanamfuata konda. Konda anajua nani kapika samaki leo.

Kampuni kubwa za intaneti zinategemea watumiaji wenyewe walete maudhui: picha, maoni, nyota, masahihisho ya ramani. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni inayonukuliwa hadi leo: kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayefanya karibu kazi yote. London, huyo mmoja katika mia ni jeshi zima. Sasa ipeleke hesabu hiyo Kilwa. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya nzima ina watu 190,744. Toa watoto, toa wasio na simu janja, toa wale ambao bando lao linaishia WhatsApp. Waliobaki wagawe kwa kila gesti, kila duka la dawa, kila fundi pikipiki. Kila mahali pataangukiwa na maoni matatu, na moja kaliandika mpwa wa mwenye gesti. Wastani wa maoni matatu haumwambii mtu kitu.

Uchache, hata hivyo, ni nusu ya tatizo, tena nusu nyepesi. Mkazi wa Kilwa Masoko akiandika kwamba gesti fulani haifui shuka, mwenye gesti atamjua kabla ya adhuhuri, na Ijumaa watapanga safu moja msikitini. Mchango wa harusi hujaa kwa sababu majina husomwa. Nyota, kinyume chake, zinataka watu wasiojuana. Kwa hiyo anayesema hadharani ni mpita njia, asiye na cha kupoteza. Ndiyo maana maelezo mengi ya wazi kuhusu Kilwa yameachwa na watalii waliokuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, wakijibu maswali yao wenyewe: boti, umeme, mbu. (Hili si jipya. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, hakukaa sana, na sifa alizoumwagia mji ndizo tunazozirudia mpaka sasa.) Hali ya barabara ya Liwale wakati wa masika, ambayo ndiyo inayomnyima usingizi mfanyabiashara wa ufuta, utaitafuta humo usiipate.

Wala wingi wa wasemaji hautoshi. UNESCO inakadiria kuwa Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200, lakini Wikipedia yake, iliyoanza 2003, inabebwa na kikundi kidogo cha wahariri wa kujitolea. Mwishoni mwa 2009 Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala, kwa zawadi. Makala ziliongezeka, lakini zawadi zilipokwisha kugawiwa wengi hawakurudi. Leo makala nyingi za kata za Kilwa ni sentensi chache za umbo moja: kata, wilaya, mkoa, idadi ya sensa. Siwalaumu walioziandika, kwani bila wao pangekuwa patupu. Ila hakuna sentensi humo iliyomlazimu mtu kufika Kilwa.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Kanuni za Tanzania za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni nyingine kila mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini kijana wa Kilwa Kivinje mwenye watazamaji mia nne hazirudishi hata zilizopunguzwa.

Na watu wa Kilwa si kwamba hawatumi habari. Wanatuma kutwa, ila kwenye makundi yaliyofungwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua na barabara kuu ya kusini ikakatika Somanga, jambo ambalo kila msafiri alitaka kulijua lilikuwa moja: panapitika? Ujumbe wa sauti unaosema “hapapitiki, msije” haubebi tarehe. Ukishasambazwa mara tano, abiria aliyekwama Nangurukuru hawezi kujua ni wa asubuhi hii au wa juzi, na asiye kwenye kundi hausikii kabisa. Taarifa zipo tele. Zinakosa mahali pa kukaa na mtu wa kuzifuta zikichakaa.

Kama dawa, wengi hutoa mfano wa mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika walichora nyumba na mitaro kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Kazi nzuri, lakini nyuma yake palikuwa na mafunzo, wasimamizi na fedha, za Benki ya Dunia zikiwemo. Kwa barabara ya kusini ningeanza kwa udogo zaidi: wakala wa mabasi mmoja Nangurukuru na muuza vocha mmoja Somanga wapewe bando na posho, na kila siku saa 12 asubuhi waweke hadharani mstari mmoja wenye tarehe, saa na jina la aliyeuandika. Wa jana waufute.