Alteneta Isiyotia Umeme Chomboni

Manahodha wengi wa vyombo vya dizeli hugundua ya kuwa betri zao zimekufa wakati ule ule wanapotaka kuondoka. Safari ya jana ilikuwa njema, injini ilinguruma kutwa bila kusita, kumbe alteneta haikutia hata chembe ya umeme. Sababu ni hii: injini nyingi za dizeli za kizamani zikiisha kuwaka hazihitaji umeme tena, bali huendelea kwa mafuta na hewa tu. Kwa hiyo ubovu hufichika. Lakini taa za chombo na pampu ya kutoa maji ngamani huila betri kidogo kidogo, na mtu aliyezima injini mbali na pwani ili avue samaki huona ya kuwa haiwaki tena. Giza limeingia, taa hazipo, na maji yanazidi ngamani. Hapo ni roho za watu zilizo hatarini.

Desturi ya wengi ni kuifungua alteneta mara moja na kununua nyingine. Twaona hiyo ni haraka isiyo na faida, kwa maana mara nyingi ubovu hauko ndani yake. Yafaa kwanza kupata mita ya kupimia volti, ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko ya alteneta, na kuipima betri baada ya kupumzika saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Kisha washa injini, ongeza mwendo kidogo, upime tena pale pale. Ikipanda baina ya 13.8 na 14.4, alteneta inatenda kazi yake, nawe uikague betri yenyewe. Isipopanda, umeme hauingii. Ikipita 15, regulata imeharibika, nayo itaichemsha tindikali hata betri ife.

Zima injini kabla ya kuutazama mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ukilegea zaidi sana ya sentimeta 1, ukaze. Unga mweusi uliotapakaa karibu na puli ni dalili ya mkanda unaoteleza.

Baada ya mkanda ni nyaya, na hapa ndipo bahari ifanyapo hila zake. Chumvi huila shaba hata ikawa kijani, na pengine waya huonekana mzima kwa nje hali ndani umekwisha kuwa unga. Injini ikiwaka na taa zikiwashwa, pima kwenye nguzo nene ya alteneta, kisha kwenye nguzo ya betri. Kama kule ni 14.4 na huku ni 12.5, umeme unapotea njiani. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba umeme una njia ya kurudi pia. Weka ncha moja ya mita juu ya mwili wa alteneta na ya pili kwenye nguzo hasi ya betri: mita yapasa kuonyesha karibu na sifuri. Ikionyesha nusu ya volti, fungua waya hasi pale ulipofungwa kwenye injini, uusugue mpaka ung'ae, kisha uukaze.

Tena kuna ile taa ndogo nyekundu iliyo karibu na ufunguo. Watu huidhani kuwa ni mshitaki tu, kumbe katika alteneta nyingi za zamani ndiyo imwamshayo mfanyakazi asubuhi, kwa sababu umeme mdogo wa kuanzia kuifanya alteneta iwe sumaku hupita katika taa hiyo. Ukigeuza ufunguo yapasa iwake, na injini ikishika yapasa izimike. Isipowaka kabisa, badili kwanza globu. Yawezekana ubovu wote ni huo.

Katika majaribio haya yote usizime swichi kubwa ya betri, wala usichomoe waya wa betri, injini ikiwa inazunguka. Mafundi wengine hufanya hivyo wakisema wanajaribu alteneta. Huenda ni urithi wa siku za dinamo. Ndani ya alteneta mna diodi, na umeme ukikosa betri ya kuupokea hupanda ghafula na kuziunguza.

Ikiwa yote uliyoyapima ni mazima, ndipo alteneta ifunguliwe. Mwambie fundi atazame kaboni kwanza, maana huisha kwa kusuguliwa, na bei yake ni ndogo. Ikibidi kununua nyingine, mwenye injini ya petroli asifunge ya motokaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia ngamani, na cheche moja yatosha kuulipua; alteneta za vyombo vya petroli hutengenezwa makusudi ili cheche zake zisiufikie mvuke huo.